Kipindupindu Hakina Miguu

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazazi na walimu wenzangu, mwezi huu nimekusudia kuandika habari za kipindupindu. Huenda mtu akasema, "Hayo tumekwisha kuyasikia kwa bwana afya, mwalimu naye ana jipya gani?" Ni kweli, sote tumeambiwa tuchemshe maji na tunawe mikono, hata maneno hayo yamekuwa kama wimbo, ambao wengi huuimba na wachache huusikiliza. Lakini nimeona ya kuwa mtu aliyeambiwa "fanya hivi" tu, pasipo kuelezwa sababu, huyashika maneno siku za hofu, na hofu ikiisha huyaacha. Bali yeye aijuaye njia ya ugonjwa, tangu mahali unapotoka hata mahali unapoingia, hutafuta mwenyewe pa kuikata. Kwa hiyo nitaeleza njia hiyo, kisha nitasema neno juu ya jambo lililo gumu kuliko kuchemsha maji. Maana kuchemsha maji kwataka kuni, na jambo hilo lataka moyo.

Kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo mno, kisichoonekana ila kwa hadubini. Mtaalamu mmoja wa Italia, Filippo Pacini, alikiona katika mji wa Florence mwaka 1854, walakini wenye elimu wa siku zile hawakumsikiliza. Miaka 30 ikapita, ndipo Robert Koch wa Ujerumani alipokitafuta huko Misri na Bara Hindi, na mwaka 1884 akawaeleza watu habari zake hata wakasadiki. Kijidudu hiki hakipandi upepo, wala hakimwingii mtu kwa kutazamwa na jicho la hasidi. Chaingia kwa mlango mmoja, nao ni kinywa. Chatoka katika choo na matapishi ya mgonjwa. Naomba radhi kwa kusema wazi, lakini aibu ya kuyataja mambo haya imewaua watu wengi. Mtu akishikwa na kipindupindu, karibu sikuzote ni kwa kuwa amekunywa au amekula kitu kilichoingiwa na uchafu wa mtu mwingine. Neno hili ni chungu, ila ndilo neno lenyewe.

Tena yafaa kujua ya kuwa ugonjwa huu hauanzi saa ile ile mtu anapokunywa maji mabaya. Huweza kuanza baada ya saa chache, na huweza kungoja hata siku 5. Zaidi ya hayo, wengi wanaoingiwa na kijidudu hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, nao hukitoa katika choo chao kwa siku 1 hata 10. Basi mtu mzima, mwenye nguvu, aendaye shamba na sokoni kila siku, aweza kuwa ndiye mchukuzi. Ndiyo sababu nasema kipindupindu hakina miguu: hutembea kwa miguu yetu.

Nitawasimulia habari moja ya mji wa London, maana yafundisha kuliko maonyo mengi. Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa huu ulizuka kwa ghafula katika mtaa wa Soho, katika njia iliyoitwa Broad Street. Kwa muda wa siku tatu tu walikufa watu 127 katika njia ile na zile za karibu, na kabla haujakoma walikuwa wamekufa watu 616. Siku zile madaktari wengi wa Ulaya walisadiki ya kuwa ugonjwa huletwa na hewa mbaya yenye kunuka. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi?" Jawabu lilikuwa karibu moja: maji ya kisima chenye bomba kilichokuwa pale Broad Street.

Nyumba mbili zilimsaidia sana kujua. Ya kwanza ilikuwa nyumba kubwa ya maskini, yenye watu 535, iliyozungukwa na nyumba zenye maiti. Walakini humo walikufa watu 5 tu. Sababu ni nini? Nyumba ile ilikuwa na kisima chake yenyewe. Ya pili ilikuwa ya mjane mmoja aliyekaa mbali, Hampstead, ambako hapakuwa na kipindupindu. Mama huyo zamani alikaa Broad Street, akayapenda maji ya kisima kile kwa utamu wake, hata akawa akiletewa chupa ya maji yale. Alikunywa, akafa, na mpwa wake aliyekuja kumzuru akanywa, akarudi kwake, naye akafa. Hewa mbaya haikupanda hata Hampstead, bali maji yalichukuliwa.

Snow akawaendea wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mkono wa bomba ukaondolewa. Kusema kweli ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua wakati ule, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia. Lakini mlango ulifungwa. Kasisi kijana wa mtaa ule, jina lake Henry Whitehead, hakusadiki maneno ya daktari. Akajitia kuuliza mwenyewe, akinuia kuonyesha ya kuwa Snow amekosea. Aliwajua watu wake kwa majina, akawaendea tena na tena, hata mwisho akaona ya kuwa daktari amesema kweli. Tena yeye ndiye aliyegundua mwanzo wake: katika nyumba ya 40 mtoto mchanga aliugua kuharisha, na mama yake alisuuza nguo zake, akamwaga maji katika shimo la uchafu lililokuwa mbele ya nyumba. Walipochimba waliona kuta za shimo lile zimebomoka, na kisima ki karibu sana, umbali usiotimia hata mita moja.

Tazameni, wapenzi. Mama yule hakuwa mwovu. Alikuwa akimwuguza mtoto wake. Wala maji ya kisima hayakuwa machafu kwa macho. Mjane wa Hampstead aliyasifu. Mafunzo ni mawili: maji maangavu si lazima yawe maji safi, na kazi ya upendo yaweza kuwa njia ya mauti isipojua inakomwaga maji.

Wala tusidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Sisi tunaokaa kando ya mto Pangani tumo katika njia ya zamani ya kipindupindu. Daktari James Christie, aliyetibu watu Unguja katika siku zile, aliandika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876, akaeleza jinsi ugonjwa wa mwaka 1869 ulivyoshuka kutoka bara kwa njia za biashara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, kisha ukavuka bahari mpaka Unguja. Aliufuata kama mwindaji afuatavyo nyayo, akaona ya kuwa mwendo wake ulikuwa mwendo wa misafara. Wachukuzi wakilala, nao walala. Wakiondoka, nao waondoka. Siku hizi misafara imekuwa mabasi na malori. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaingia karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, kikafika na Zanzibar. Kabla ya nusu ya mwaka 2016 walikuwa wameugua watu zaidi ya 20,000, na zaidi ya 300 walikuwa wamekufa.

Mmoja wa waliokufa alikuwa mjomba wangu mkubwa.

Alikuwa seremala, mtu mkarimu, ambaye mlango wake haukufungwa wakati wa chakula. Alianza kuharisha usiku wa manane, na choo chake kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Wa nyumbani waliona haya kuwaita majirani, wakisema, "Tungoje kupambazuke." Kulipopambazuka macho yalikuwa yamezama, sauti imekauka, na mikono ina mikunjo kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Walimpakia katika pikipiki, naye akakata roho njiani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Habari zilipoenea, jamaa wakaanza kukusanyika. Wanawake wakateka maji, wakaleta masufuria makubwa. Wazee wakaketi mikekani. Ndipo bwana afya alipokuja akasema maneno matatu: maiti isioshwe na jamaa, mazishi yawe leo hii, wala pasipikwe chakula cha matanga. Mjomba wangu mdogo, aliyekuwa msimamizi wa msiba, alisimama akitetemeka.

"Kaka yangu alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto," akasema. "Leo nikatazwe hata kumwosha? Nimzike kama asiye na ndugu? Na watu hawa waliotoka mbali, niwarudishe na njaa?"

Hapo, wapenzi, ndipo ninapopaita pagumu. Bwana afya alikuwa na haki, na mjomba naye alikuwa na haki. Kwetu sisi kumwosha maiti ni heshima ya mwisho, na kuwalisha waliokuja kulia pamoja nawe ni utu. Mtu aambiwapo ayaache hayo, haoni kama anakingwa na ugonjwa. Aona kama anavuliwa nguo mbele ya watu. Nilisikia vijana wawili wakisema kwa sauti ndogo kwamba heri bwana afya afukuzwe.

Nilimwendea mjomba nikaketi chini mbele yake. Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Naomba neno moja." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, sema." Nikamwambia, "Sina la kukufundisha juu ya heshima. Wewe ndiwe uliyenifundisha. Naomba tu tutazame uwanja huu. Maji ya kuoshea marehemu tukiyamwaga hapa, yatakwenda wapi?"

Akatazama. Uwanja wa nyumba ile huinama upande wa mashariki, na chini yake ni kijito, na katika kijito kile ndipo wanawake walipokuwa wakiteka maji ya kupikia saa ile ile. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mikono ya waoshaji?" Nikajibu, "Itaingia katika sahani moja na mikono ya wageni." Sikuongeza neno, wala halikuhitajika.

Akainuka, akawaambia watu: "Jamaa zangu, kaka yangu maisha yake yote hakumpa mgeni kitu kibaya. Leo hatampa. Kila mtu na aende akale kwake, na siku ya kumaliza matanga nitawaita, tutakula."

Vijana wale wakanyamaza. Bwana afya na wenzake wakavaa mipira ya mikono, wakamtengeneza marehemu kwa maji ya dawa ya klorini. Naye alikuwa mtu mwenye busara, akamwomba mjomba achague sanda, akamwacha asimame karibu aone kila kitu kwa macho yake. Tulizika jioni ile, sala zikasomwa, na kila mtu akatupa udongo wake. Shimo la choo cha nyumba lilitiwa dawa, na matandiko ya marehemu yakateketezwa kwa moto. Katika nyumba ile wakaugua wengine wawili, mke wake na mjukuu, lakini hao walipelekwa mapema, wakapona.

Nimesimulia haya ili walimu na wazee wenzangu tuone neno moja: watu hawaachi desturi kwa kukemewa. Huacha tendo wakiona ya kuwa maana ya tendo lile inaweza kulindwa kwa njia nyingine. Heshima haimo katika maji ya kuoshea maiti, wala ukarimu haumo katika beseni. Hata beseni lenyewe la kunawia pamoja, ambamo watu kumi hutia mikono katika maji yale yale, wala si desturi ya wazee wa pwani. Wao mgeni humnawisha kwa birika, maji yakimiminika juu ya mikono yake na kuangukia chomboni. Siku ya kumaliza matanga shangazi yangu mmoja alinung'unika, akasema kumimina maji ni mambo ya hospitali. Bibi mmoja mwenye umri mkubwa akamjibu, "Hata kidogo. Hivyo ndivyo tulivyonawishwa sisi tukiwa wari. Beseni ni uvivu wenu." Watu wakacheka, na tangu siku ile birika halikosi katika shughuli za ukoo wetu.

Sasa niyaweke mambo ya kutenda kwa taratibu.

Kwanza ni maji. Ya kunywa yachemshwe hata yatokote kwa dakika moja nzima, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chombo chake. Kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko na mdomo mwembamba, yatolewe kwa kumimina au kwa kata yenye mpini mrefu. Mtu akichemsha maji vizuri, kisha watoto wakachota kwa kikombe na vidole vyao vikazama, kuni zake zimepotea bure.

Pili ni choo. Kila nyumba iwe nacho, chenye kufunikwa, kisiwe karibu na kisima. Wataalamu hupendekeza umbali wa mita 30, wala kisiwe upande wa juu wa kisima. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho ni kinyesi. Kitupwe chooni, wala nguo zake zisifuliwe kijitoni.

Tatu ni mikono. Inawiwe kwa maji yenye kutiririka na sabuni, na pasipo sabuni hata majivu hufaa: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto au mgonjwa, kabla ya kupika na kabla ya kula. Nne ni chakula. Kiive, kiliwe kingali moto, kifunikwe inzi wasitue. Na matunda yaoshwe kwa maji safi, kisha yamenywe.

Tano ni mgonjwa. Kinachomwua ni kukaukiwa na maji mwilini, na mwenye ugonjwa mkali aweza kufa kwa saa chache. Basi asingojewe mpaka asubuhi. Apewe maji ya dawa ya chumvi na sukari tangu kuharisha kwa kwanza, huku akipelekwa zahanati. Ikikosekana pakiti ya dawa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimo vya kusawazishwa, ukoroge. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, umpe tena. Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa. Ugonjwa ukiwa mkali sana atahitaji maji ya mshipani.

Mtu asiyadharau maji haya kwa urahisi wake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walikufa kwa wingi katika kambi ya Bongaon huko Bara Hindi, na maji ya mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru yachanganywe maji yenye chumvi na sukari katika mapipa, na jamaa wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa vimefikia karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka hata chini ya 4. Siku hizi mgonjwa akitibiwa upesi na vizuri, katika 100 hafi hata mmoja. Tena iko chanjo ya kunywa, nayo hukinga kwa miaka kadhaa. Ikiletwa kwenu msiikatae, wala msiitumaini peke yake mkaacha choo na maji.

Kwa walimu nina neno moja zaidi. Msiwakaririshe watoto maonyo tu. Wapeni karatasi, wachore kijiji chao kama Snow alivyochora mtaa wake: visima hapa, vyoo pale, kijito, na upande maji yanakotiririka mvua ikinyesha. Mtoto aliyechora kwa mkono wake choo kilicho juu ya kisima hatahitaji kuambiwa hatari yake, naye jioni atakwenda kumwonyesha baba. Baba ambaye hakumsikiliza bwana afya huenda akamsikiliza mwanawe.

Basi, wapenzi, msingoje tangazo. Kipindupindu hupenda nyumba ambayo watu wake husema, "Kwetu hakijafika." Kabla ya mvua kuanza, kila mwenye nyumba na asimame mlangoni pake, atazame maji yake yanatoka wapi na uchafu wake unakwenda wapi. Akiona njia hizo mbili zakutana, na achukue jembe siku hiyo hiyo.